MAJI MAPYA SI MAJI YALIYO TAYARI
Kemia ya bwawa jipya la samaki katika wilaya za Korogwe na Handeni

Mtu anayeanza kufuga samaki huwa na kazi mbili kubwa anazoziona kwa macho, nazo ni kuchimba bwawa na kulijaza maji. Kazi ya tatu haionekani, na kwa sababu hiyo husahauliwa mara nyingi. Vifaranga hununuliwa na kutiwa majini siku ile ile bwawa linapojaa. Wiki ya kwanza huogelea vizuri na kula kwa pupa. Katika wiki ya pili au ya tatu huanza kupanda juu ya maji na kutweta, kisha hufa mmoja mmoja, ingawa maji ni maangavu na hayana harufu yoyote. Hapo hutafutwa mkosaji. Hulaumiwa aliyeuza vifaranga, hulaumiwa chakula, na mara nyingine hata jirani hushukiwa kuwa ametia sumu. Yawezekana kabisa kwamba mkosaji hayupo, na kwamba sumu imetolewa na samaki wenyewe, katika maji ambayo bado hayakuwa na uwezo wa kuiondoa.

Ufugaji wa samaki una historia ndefu katika sehemu hii ya mkoa wa Tanga. Majaribio ya kwanza ya kufuga perege katika mabwawa ya Tanganyika yalianzishwa mwaka 1949 mahali pawili: Korogwe, na Malya katika mkoa wa Mwanza. Mabwawa mengi yalichimbwa, lakini hayakuleta matokeo yaliyotarajiwa, kwa sababu ya ukame, mbinu zisizofaa na upungufu wa utunzaji. Mwaka 1955 mtaalamu wa samaki Rosemary Lowe alieleza kisayansi aina mpya za perege wa bonde la Mto Pangani, na mmoja wao akapewa jina la mji huo. Leo anajulikana kwa wanasayansi kama Oreochromis korogwe. Samaki na mto vilikuwapo tangu zamani. Utunzaji wa bwawa ndio unaohitaji elimu, na sehemu kubwa ya elimu hiyo ni kemia ya maji.

Makala haya yanaeleza mambo manne ambayo sharti yalingane kabla maji mapya hayajawa makao ya samaki: chumvi, alkali, naitrojeni na oksijeni. Kanuni zake ni zile zile katika bwawa la udongo kijijini na katika tangi la kioo la maji ya bahari lililowekwa katika maabara ya shule.

MAJI YA AINA TATU

Maji yasiyo na kitu kingine chochote ndani yake hayapatikani mtoni, kisimani wala baharini. Kila maji hubeba alama ya mahali yalikopita.

Mto Pangani hupata sehemu kubwa ya maji yake katika milima ya Kilimanjaro na Meru, ambako mvua hupenya katika miamba ya volkano na kuyeyusha madini, yakiwamo ya bikaboneti. Vijito vinavyoteremka kutoka milima ya Usambara hadi bonde la Lwengera vina tabia nyingine. Mvua nyingi ya milima hiyo imeosha udongo wake kwa muda mrefu mno na kuuacha na uchachu, yaani asidi, na madini machache. Maji ya namna hiyo huitwa maji laini.

Handeni ni wilaya yenye ukame. Wakazi wake wamezoea malambo, yaani mabwawa ya kukinga maji ya mvua kwa ajili ya watu na mifugo, na visima vingi vya wilaya hiyo hutoa maji yenye chumvi. Ndiyo sababu katika miaka ya 1970 ulijengwa mradi mkubwa wa mabomba unaojulikana kwa jina la HTM, unaochota maji ya Mto Pangani wilayani Korogwe na kuyapandisha Handeni.

Aina ya tatu ni maji ya bahari, yanayopatikana Tanga, safari isiyofika kilomita 100 kutoka Korogwe. Kilo moja ya maji ya bahari kuu ina gramu 35 hivi za chumvi. Mwaka 1884 mkemia William Dittmar alitoa matokeo ya kupima sampuli 77 za maji yaliyokusanywa na meli ya uchunguzi Challenger katika safari yake ya kuzunguka dunia kati ya 1872 na 1876. Aligundua jambo la ajabu: kiasi cha chumvi chaweza kuzidi au kupungua kutoka bahari moja hadi nyingine, lakini uwiano wa chumvi zenyewe karibu haubadiliki. Kloridi ni nyingi kuliko zote, hufuatwa na sodiamu, kisha salfeti, magnesiamu na kalsiamu. Hivyo basi chumvi ya mezani peke yake, ikikorogwa katika maji ya bomba, haiwezi kutengeneza maji ya bahari, kwa kuwa ina sodiamu na kloridi tu.

Maji yanapogeuka mvuke, chumvi hubaki. Tangi lenye lita 100 za maji ya bahari yenye gramu 35 katika kila lita lina gramu 3,500 za chumvi. Lita 10 zikiruka kwa joto, lita 90 zilizobaki zitakuwa na gramu 38.9 katika kila lita. Mwanafunzi akijazia maji ya bahari, ataongeza gramu 350 nyingine, na kiasi kitabaki gramu 38.5. Akijazia maji yasiyo na chumvi, kitarudi 35. Lambo la Handeni hufuata hesabu hiyo hiyo wakati wa kiangazi. Kina chake kikipungua hadi nusu kwa jua peke yake, chumvi katika kila lita huwa maradufu. Mfugaji anayejazia bwawa lake kwa maji ya kisima cha chumvi huongeza tatizo kila anapodhani kuwa analipunguza.

AKIBA YA ALKALI

Uchachu wa maji hupimwa kwa kipimo cha pH. Namba 7 ni katikati. Chini yake ni asidi, juu yake ni alkali. Kila hatua moja ya kipimo hiki ni badiliko la mara kumi, kwa hiyo maji yenye pH 5 yana uchachu mara mia kuliko yenye pH 7. Perege hustawi vizuri kati ya 6.5 na 9. Maji ya bahari huwa karibu na 8.

Lakini kupima pH mara moja hakutoshi. Bwawa hubadilika mchana na usiku. Mchana mimea midogo iliyo majini hutumia kaboni dayoksaidi kujitengenezea chakula, na pH hupanda. Usiku viumbe vyote hupumua na kutoa kaboni dayoksaidi, nayo hufanya asidi dhaifu ikiungana na maji:

CO₂ + H₂O ⇌ H₂CO₃ ⇌ H⁺ + HCO₃⁻

Maji yenye bikaboneti ya kutosha huhimili mabadiliko hayo. Asidi inapoongezeka, bikaboneti huipokea. Inapopungua, huitoa tena. Uwezo huu ndio unaoitwa alkali ya jumla, nao huhesabiwa kwa miligramu za kalsiamu kaboneti katika lita moja. Unaweza kufananishwa na ghala la nafaka: pH ni chakula kilichopikwa leo, alkali ya jumla ni kile kilichomo ghalani. Maji ya bahari yana miligramu 115 hivi katika kila lita, na kwa hiyo pH yake haitikisiki kwa urahisi. Maji laini ya kijito cha mlimani yaweza kuwa na chini ya miligramu 20. Kwenye kiwango hicho wataalamu wa mabwawa hushauri chokaa itumike.

Mkoa wa Tanga haukupungukiwa na mawe ya chokaa. Mapango ya Amboni yamechongwa na maji katika mawe hayo, na kiwanda cha saruji cha Tanga huyatumia kama mali ghafi. Jiwe la chokaa lililosagwa, yaani chokaa ya kilimo, hufanya kazi polepole na kwa usalama:

CaCO₃ + CO₂ + H₂O → Ca²⁺ + 2HCO₃⁻

Kwa kawaida kilo 10 hadi 20 hunyunyizwa katika kila mita za mraba 100 za sakafu ya bwawa kabla ya kutia maji, na udongo wenye uchachu mwingi huhitaji zaidi. Chokaa iliyochomwa ni kitu kingine. Huunguza ngozi na macho, na huweza kupandisha pH ya maji kupita kiasi ambacho samaki wanaweza kustahimili. Itumiwe katika bwawa tupu tu, na mtumiaji ajikinge mikono na macho, kisha bwawa liachwe wiki mbili au zaidi kabla ya kutiwa samaki.

SUMU NA WATUMISHI WASIOONEKANA

Chakula cha samaki kina protini, na protini ina naitrojeni. Samaki hutumia sehemu yake kujenga mwili. Inayosalia huitoa kwa njia ya matamvua ikiwa amonia. Mabaki ya chakula na kinyesi kinachooza huongeza amonia nyingine.

Ndani ya maji amonia huwa na sura mbili. Ya kwanza ni NH₄⁺, yenye madhara madogo. Ya pili ni NH₃, ambayo ni sumu kali kwa matamvua. Uwiano wake hutegemea pH. Katika nyuzi 25 za joto, kwenye pH 7 sehemu ya sumu haifiki 1 katika 100. Kwenye pH 8 huwa 5 hivi, na kwenye pH 9 hupanda hadi 36. Hapa pana jambo la kuangaliwa kwa makini. Mfugaji anayeona samaki wakitweta na kukimbilia kumwaga chokaa nyingi huenda akageuza amonia iliyokuwa haina madhara makubwa kuwa sumu katika muda wa saa chache. Chokaa ni ya kutayarisha bwawa, si dawa ya kutibu samaki wanaokufa.

Ni nini basi huondoa amonia? Jibu lilipatikana Ufaransa mwaka 1877. Wanasayansi wawili, Schloesing na Müntz, walipitisha maji machafu polepole katika bomba lililojazwa mchanga na chokaa. Kwa siku 20 za mwanzo amonia ilitoka kama ilivyoingia. Baada ya hapo naitreti ilianza kuonekana katika maji yaliyotoka. Walipotia mvuke wa klorofomu, ambao huua au kulaza viumbe, badiliko lile lilikoma. Walipoondoa klorofomu na kumimina maji yaliyosukwa na udongo wenye rutuba, kazi ilianza tena. Ilikuwa dhahiri kwamba mchanga wenyewe haukufanya kazi ile, bali viumbe hai vilivyokaa juu yake. Mwaka 1890 Sergei Winogradsky, akifanya utafiti mjini Zürich, alifaulu kuwatenga bakteria hao na kuonyesha kuwa kazi hiyo ina hatua mbili, kila moja na bakteria wake. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa naitriti:

2NH₄⁺ + 3O₂ → 2NO₂⁻ + 2H₂O + 4H⁺

Kundi la pili hugeuza naitriti kuwa naitreti, ambayo samaki huistahimili kwa kiasi kikubwa na mimea huitumia kama mbolea:

2NO₂⁻ + O₂ → 2NO₃⁻

Siku 20 za bomba lile ndizo zinazoua vifaranga katika bwawa jipya. Bakteria hawa huzaana polepole. Katika joto la nyuzi 25 hadi 30, maji mapya huhitaji kwa kawaida wiki nne hadi sita kabla makundi yote mawili hayajatosha, na tangi la maji ya bahari huchukua muda mrefu zaidi kidogo. Amonia hupanda kwanza, kisha hushuka; naitriti hufuata kupanda, nayo hushuka; mwisho naitreti huongezeka taratibu. Anayetia samaki wengi siku ya kwanza huwapitisha katika vilele viwili vya sumu.

Katika bwawa la udongo mfugaji ana msaidizi mwingine. Mimea midogo inayoyapa maji rangi ya kijani hufyonza amonia moja kwa moja. Kwa sababu hiyo maji maangavu ya bwawa jipya si dalili njema kama watu wanavyodhani. Maji yenye kijani hafifu, ambamo kiganja cha mkono hutoweka machoni mkono unapozamishwa hadi kiwiko, yamekwisha kuanza kufanya kazi.

NAITRITI NA CHUMVI

Naitriti huingia katika damu ya samaki kupitia matamvua na kuiharibu hemoglobini isiweze kubeba oksijeni. Damu hugeuka rangi ya kahawia, na samaki hukosa pumzi katika maji yenye oksijeni tele. Kloridi hushindana na naitriti kwenye mlango ule ule wa matamvua. Ndiyo sababu naitriti huwadhuru samaki wa baharini kwa kiasi kidogo zaidi, maana maji yao yana gramu 19 hivi za kloridi katika kila lita.

Mfugaji wa maji baridi anaweza kutumia kanuni hiyo. Kwa kila miligramu 1 ya naitrojeni iliyomo katika naitriti, miligramu 10 za kloridi hutoa kinga nzuri. Kwa kuwa chumvi ya kawaida ina kloridi sehemu 61 katika 100, mita moja ya ujazo ya maji yenye kiasi hicho cha naitriti huhitaji gramu 16.5 tu za chumvi. Kinga hiyo haiondoi naitriti. Huwapa samaki nafasi ya kungoja bakteria wazaane.

DENI LA OKSIJENI

Milinganyo iliyoonyeshwa juu ina gharama. Kuibadilisha gramu 1 ya naitrojeni ya amonia hadi iwe naitreti hutumia gramu 4.57 za oksijeni, na huondoa katika ghala la alkali kiasi kilicho sawa na gramu 7.14 za kalsiamu kaboneti. Kilo moja ya chakula chenye protini asilimia 30 ina gramu 48 za naitrojeni. Gramu 35 kati ya hizo zikiishia majini, bakteria watahitaji gramu 160 za oksijeni na gramu 250 za kaboneti. Katika nyuzi 30 za joto, mita ya ujazo ya maji baridi haiwezi kubeba zaidi ya gramu 7.6 za oksijeni kutoka hewani. Kwa hiyo kilo moja ya chakula yaweza kudai oksijeni yote ya mita za ujazo 21, mbali na ile inayovutwa na samaki wenyewe. Anayelisha kupita kiasi kwa kudhani kuwa anawanenepesha samaki huwanyima pumzi.

Korogwe ni nchi ya mkonge, na mkonge hutoa mfano mwingine. Singa ni sehemu ndogo sana ya jani. Mabaki mengine yote hutoka mashineni pamoja na maji. Mabaki hayo yana uchachu na sukari, na yakiingia mtoni au bwawani bakteria waozeshao huyashambulia na kumaliza oksijeni. Bwawa lisijazwe kwa maji yanayochotwa chini ya mahali ambapo maji ya kiwanda cha mkonge humwagwa. Samadi nayo ina kanuni hiyo hiyo: kidogo hulisha mimea ya kijani, nyingi hulala chini na kuoza.

JARIBIO LA SHULE

Mambo haya yanaweza kuchunguzwa katika maabara ya shule pasipo kuua samaki hata mmoja. Huhitajika ndoo mbili nyeupe za lita 20 na changarawe iliyooshwa, pamoja na karatasi au matone ya kupimia pH, amonia na naitriti.

Maji ya bomba huachwa katika chombo kilicho wazi kwa siku mbili ili klorini iruke, kwani klorini huua bakteria wema pamoja na wabaya. Kisha ndoo zote mbili hutiwa maji hayo na changarawe. Katika ndoo ya pili huongezwa konzi moja ya changarawe iliyotolewa katika bwawa la zamani lenye samaki wenye afya. Kila siku hutiwa chembe chache za chakula cha samaki, kwa kiasi kilicho sawa katika ndoo zote mbili, na maji hukorogwa ili yapate hewa. Vipimo huchukuliwa kila baada ya siku tatu kwa wiki sita, na huchorwa katika grafu.

Grafu ya ndoo ya kwanza itaonyesha vilele viwili kwa mpangilio wake. Katika ndoo ya pili vilele hutarajiwa kuja mapema na kuwa vifupi, kama udongo ulivyoamsha bomba la mwaka 1877. Wanafunzi waangalie pia pH: inaposhuka, ghala la alkali linapungua, na kijiko cha chokaa ya kilimo kitadhihirisha kazi yake. Shule inayoweza kupata maji ya bahari kutoka Tanga yaweza kuongeza ndoo ya tatu na kulinganisha.

MPANGO WA MFUGAJI

Mpangilio wa kazi basi ni huu. Kwanza udongo wa bwawa upimwe, na chokaa ya kilimo itiwe panapohitajika. Maji yaingizwe, yaachwe yapate rangi ya kijani hafifu kwa samadi kidogo, na ndoo chache za tope la bwawa la zamani lisilo na ugonjwa zisaidie kuleta bakteria. Vifaranga wachache watangulie. Wengine wafuate baada ya vipimo viwili mfululizo kuonyesha kuwa amonia na naitriti zimeshuka. Chakula kiongezwe taratibu, kadiri samaki wanavyoongezeka. Samaki wakionekana wakitweta alfajiri, chakula kisimamishwe siku hiyo na maji mapya yenye hewa yaingizwe, na vipimo vichukuliwe kabla mtu yeyote hajalaumiwa.

Mpango huu huchelewesha bwawa kwa wiki chache, na kwa mtu aliyekwisha kutumia fedha na nguvu zake kuchimba, kungoja ni kazi ngumu. Hata hivyo wiki hizo zina gharama ndogo kuliko kununua vifaranga mara mbili.